Benchi la Watu wa Januari

Mpaka nilipofika darasa la nne niliamini kwamba watu wazima wote walizaliwa tarehe moja Januari. Baba alizaliwa siku hiyo, mama alizaliwa siku hiyo, shangazi zangu wote wanne walizaliwa siku hiyo, na hata mpishi wa shule. Nilidhani ndiyo sababu watu walivaa nguo nzuri na kuimba sana kanisani siku ya mwaka mpya. Sisi watoto ndio tuliokuwa na siku za ajabu ajabu, tarehe kumi na saba Mei, tarehe tisa Oktoba, kwa kuwa tulizaliwa hospitalini na kulikuwa na mtu wa kuandika.

Mama alinieleza baadaye, huku akicheka. Alipokwenda kuchukua kitambulisho, karani alimwuliza alizaliwa lini. Akajibu alivyoambiwa na mama yake, kwamba ilikuwa wiki ya kuvuna wimbi, mwaka ambao mvua ilikataa. Fomu haikuwa na nafasi ya wimbi. Karani akamtazama usoni, akakadiria mwaka, akaandika tarehe moja mwezi wa kwanza, akaita anayefuata. Watu wazima wa kijiji chetu kule magharibi, na wa vijiji jirani, walipewa siku moja ya kuzaliwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kunywa chai.

Naanza na hilo ili nisije nikajitetea huko mbele kwamba sikujua. Nilijua tangu nikivaa kaptula.

Mimi ni fundi wa hifadhidata. Ofisi yetu iko katikati ya jiji, ghorofa ya nne, na dirisha langu linatazama mabomba ya choo ya jengo la pili. Si kazi ya kusimulia harusini. Data ikishakuwa nyingi, mashine haiwezi kusoma kila kitu kila inapoulizwa swali, kwa hiyo unaitengenezea faharasa, kama ile orodha ya mwisho wa kitabu inayokupeleka moja kwa moja kwenye ukurasa unaoutaka. Ofisini tunaiita indeksi. Mafundi wengi hutengeneza indeksi baada ya kilio: mfumo unazinduliwa, watu wanalalamika, ndipo fundi anaanza kupapasa kutafuta panapouma.

Mimi nilifunzwa vingine. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja mkavu, mwenye ofisi ya vyumba viwili Ngara, juu ya duka la jumla la sabuni. Alinifunza kukadiria kabla. Unachukua karatasi na penseli, na kabla hujagusa kibodi unahesabu swali hili litaisumbua diski mara ngapi. Diski ikilazimika kuruka kutoka hapa hadi kule kutafuta kumbukumbu moja, hesabu mruko huo kuwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Ikisoma mistari iliyopangwa pamoja, mmoja baada ya mwingine, kila mstari huchukua muda mdogo mara elfu moja kuliko mruko. Hesabu miruko, hesabu mistari, jumlisha. Ndani ya dakika tano unajua kama mtu atasubiri au hatasubiri, na hakuna aliyeumia bado.

Karatasi yake ilikuwa na safu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mtu wa kawaida. Ya pili aliiita safu ya mwenye bahati mbaya. Alisema mtu wa kawaida hahitaji fundi, atapata jibu lake hata indeksi ikiwa ya ovyo. Lakini kila swali lina mtu ambaye jibu lake ni zito kuliko majibu ya wengine wote, na kazi ya fundi ni kumjua mtu huyo kabla hajafika dirishani. Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeti vingi tangu wakati huo, na sijamwona mmoja anayejaza safu ya pili bila kusukumwa. Mimi mwenyewe nimo.

Kazi ninayotaka kuisema ilikuwa ya kliniki tisa za kanisa, za upande wetu wa magharibi mwa jiji. Zilikuwa zikitumia kadi za karatasi, na sasa zilitaka kompyuta. Nilitumwa kwenda kuangalia wanavyofanya kazi, na nikaanza na ile iliyo karibu na Riruta kwa sababu ninaishi Riruta, na kwa sababu mama alikuwa akitibiwa hapo.

Mama aliletwa Nairobi baada ya mazishi ya baba. Nilimleta mimi, nikamwekea kitanda kwenye chumba cha mbele cha nyumba ninayopanga, na mwezi wa kwanza tu nikagundua kwamba alikuwa akigonga bega kwenye mlango, kila mara upande wa kushoto. Kliniki wakasema ni presha ya macho. Daktari alieleza bila kuzunguka: presha hiyo haiumi, inakula macho kidogo kidogo, na kinacholiwa hakirudi. Dawa ya matone ingelinda yaliyobaki, mradi aitie asubuhi na jioni bila kukosa, na kila Jumanne ya kwanza ya mwezi arudi apimwe na kupewa chupa nyingine. Wakati huo bado alikuwa akisoma Biblia yake mwenyewe, akiisogeza karibu na dirisha. Macho hayo ndiyo niliyotakiwa kuyalinda.

Karani wa kadi pale kliniki alikuwa mama mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Alinionyesha masanduku yake. Hawakupanga kadi kwa majina, kwa sababu jina moja la kwetu huandikwa na karani huyu kwa O na yule kwa U, huyu anaweka H na yule anaitoa, na mgonjwa mwenyewe hajali. Walipanga kwa tarehe ya kuzaliwa. Sanduku moja la kila mwezi, kumi na mawili, juu ya rafu. Chini ya rafu kulikuwa na mawili zaidi, yameandikwa JAN 1 kwa wino mwekundu. Ndani ya hayo mawili kadi zilikuwa zimepangwa upya kwa herufi za mwanzo za majina, na mahali ambapo jina lingeweza kuandikwa kwa njia mbili, aliweka kipande cha katoni chenye njia zote mbili.

"Hawa ni watu wa Januari," aliniambia. "Hawa uwapange kivyao. Usipowapanga kivyao, utazeeka hapa ukitafuta."

Nilicheka, nikaandika kwenye daftari langu. Mwanamke yule, bila kusomea kompyuta hata siku moja, alikuwa amejenga kwa masanduku na katoni indeksi niliyopaswa kuijenga mimi. Kazi yangu ilikuwa kuinakili tu.

Nirudi kwenye karatasi. Kumbukumbu zote za kliniki tisa zilikuwa kama laki nne. Ukichukua umri wa watu kuwa miaka themanini, una siku elfu ishirini na tisa na kitu za kuzaliwa. Gawanya, kila siku inapata watu kama kumi na wanne. Indeksi nyembamba ya tarehe ya kuzaliwa peke yake ingeipeleka mashine kwenye kumbukumbu kumi na nne, miruko kumi na minne, chini ya robo ya sekunde, kisha ichague yule ambaye jina lake linafanana. Hiyo ilikuwa safu ya kwanza, na ilipendeza. Kwenye safu ya pili niliandika kwa penseli: tarehe moja Januari, bila mwaka, maana mwaka wa watu hao ni wa kukisia na kila karani huandika wake. Kliniki nyingine zilikuwa na watu hao wachache kuliko ya kwetu, kwa hiyo nikakadiria mmoja kati ya kumi. Watu elfu arobaini. Miruko elfu arobaini. Sekunde mia nne, yaani karibu dakika saba za kuangalia skrini iliyoganda, kwa mgonjwa mmoja.

Dawa yake pia niliijua. Ukiipanua indeksi, ukaweka majina ndani yake pamoja na tarehe, mashine haihitaji kuruka kwenda kusoma kila kumbukumbu. Inasoma mistari elfu arobaini iliyopangwa pamoja, ambayo ni chini ya nusu sekunde, kisha inaruka mara mbili tatu kwa wale waliofanana jina. Yote hayo niliyajua kabla mashine haijawashwa, kwa penseli.

Bosi wangu wa sasa aliita kikao nyumbani kwake Lavington, siku ya Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo alikuwa akitimiza miaka arobaini na alitaka tumalize kazi asubuhi kisha tule nyama. Nakumbuka lile lango, mlinzi akiandika majina yetu, na nyasi zilizokatwa mpaka zikakosa haya. Mtunza bustani, mzee wa rika la baba, alikuwa juu ya ngazi akifunga maputo kwenye tawi. Aliposema "habari ya asubuhi" nilisikia ni wa kwetu, nikajibu kwa ufupi, kwa sauti ya mtu aliyekuja na kompyuta.

Bosi alipitia karatasi zangu akiwa amesimama. Safu ya kwanza aliitikia kwa kichwa. Kwenye ya pili akasimamisha kidole. Akauliza sekunde mia nne za nini. Nikaeleza kuhusu indeksi pana. Hakuipenda. Alikuwa na sheria yake, indeksi tatu kwa kila jedwali na zote nyembamba, kwa sababu mashine yetu ilikuwa kuukuu na ilijaa haraka. Akaniangalia kwa ule uso wa mtu anayekusaidia usijiaibishe.

"Sasa nani hajui siku alizaliwa, kwa hii Nairobi?" akasema. "Watu wa hivyo ni wangapi?"

Mzee wa maputo alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Ningeweza kumwonyesha kwa kidole. Ningeweza kusema mama yangu ni mmoja wao, na baba alikuwa mmoja wao mpaka walipoandika tarehe hiyo kwenye msalaba wake. Ningeweza kusema masanduku mawili ya wino mwekundu. Badala yake nilihisi aibu, na naitaja kwa jina lake kwa sababu kwa muda mrefu niliiita busara. Niliona jinsi ambavyo ingesikika pale kwenye nyasi, miongoni mwa watu waliokuja kusherehekea siku inayojulikana mpaka saa yake, kwamba mimi natoka kwa watu wasiojua siku zao.

"Wachache," nikasema.

Nikageuza penseli, nikafuta safu ya pili kwa kifutio cha nyuma. Kisha tukala nyama, na niliipata ile ya mbavuni.

Majaribio yalikwenda vizuri mno. Data ya majaribio ilitengenezwa na programu iliyogawa siku za kuzaliwa sawasawa kwa watu laki nne wa kubuni, kila siku kumi na wanne, hakuna siku iliyoonewa. Katika watu hao wa kubuni hakukuwa na hata mmoja aliyezaliwa wakati wa kuvuna wimbi. Kila swali lilijibiwa kabla hujaondoa kidole. Bosi alinipiga begani, akasema hizi hesabu zangu za karatasi zinafanya kazi kweli. Nilimchukia kwa kusema hivyo, nikajichukia zaidi kwa kutabasamu.

Siku ya uzinduzi padri aliombea kompyuta. Mama alikuja, amefunga kile kitambaa chake cha Pasaka, akakaa mstari wa mbele. Nilimwonyesha skrini nikamwambia kwamba hii ni kazi ya mikono yangu. Aliigusa pembeni kwa kidole kimoja. Kisha akawageukia wanawake waliokaa naye na kuwaambia, mmoja mmoja, kwamba huyu aliyetengeneza ni mtoto wake, wa tatu. Kadi zilifungwa kwenye magunia na kupelekwa stoo.

Baada ya hapo maisha yakaendelea, na ndivyo yanavyofanya wakati jambo baya linapotendeka polepole. Kila mwezi nilichapisha ripoti na bosi akaibandika ukutani: muda wa wastani wa kumpata mgonjwa, sehemu ya tano ya sekunde. Kila Jumanne ya kwanza mama alichukua mkoba wake, akaweka kitabu cha kliniki na leso, akatoka. Jioni nilimwuliza kama walimhudumia vizuri. "Vizuri, baba," alijibu, maana ndivyo anavyoniita, baba. "Mashine yako inakimbia." Chupa ya dawa ilikuwa mezani kando ya thamosi. Niliiona kila siku. Sikuinyanyua hata mara moja kuitikisa.

Alianza kumwaga sukari. Alijaza kikombe mpaka chai ikafurika kwenye sahani, akasema vikombe vya siku hizi ni vidogo. Biblia ikahama kutoka dirishani ikakaa chini ya mto. Nikanunua balbu yenye mwanga zaidi, na nikamgombeza mwenye nyumba kuhusu umeme wake dhaifu, kwa maneno makali ambayo hakustahili. Hivyo ndivyo fundi wa kukadiria alivyolielewa jambo lililokuwa mbele ya pua yake.

Miezi kumi baada ya uzinduzi kliniki ya kwetu ikaandika kulalamika kwamba skrini zinaganda mchana. Bosi akanituma. Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya mwezi. Mama alikuwa ameondoka saa moja asubuhi na mkoba wake, na mimi nikafika kama saa nne.

Kando ya ukuta, mbali na foleni, kulikuwa na benchi refu, na juu yake karatasi iliyoandikwa kwa mkono: WATU WA JAN 1 KAENI HAPA. MTAITWA MCHANA. Wazee walikuwa wamebanana hapo, wengine chini sakafuni wameegemea ukuta, fimbo zao zimelala miguuni. Jambo la kwanza nililofanya ni kuangalia uso mmoja mmoja kumtafuta mama. Hakuwepo. Nikashusha pumzi, nikajiambia kwamba amekwisha hudumiwa, maana ana mtoto anayefahamika hapa. Najua ni ujinga. Mtu akiogopa huamini chochote kinachomruhusu asiulize.

Karani yule yule wa kadi sasa alikuwa nyuma ya kompyuta, miwani yake bado na uzi. Hakunikaripia, na hilo liliniuma zaidi. Alieleza kwa utulivu kwamba akiandika tarehe ya mmoja wa wale, skrini inalala, na foleni yote inaanza kumpigia kelele. Kwa hiyo asubuhi hawawatafuti kabisa. Anawakalisha mpaka foleni iishe, kuanzia saa nane, halafu anaanza mmoja mmoja na kusubiri. Nikamwuliza daktari wa macho huondoka saa ngapi. Akasema saa saba.

Ripoti yangu ilipima saa za asubuhi, kwa sababu bosi alisema hizo ndizo saa zenye watu wengi. Wale wa Januari hawakuwa wakitafutwa asubuhi. Benchi lile liliwatoa kliniki na kuwatoa kwenye hesabu kwa pamoja, na ukutani ofisini tukabaki na sehemu ya tano ya sekunde.

"Nilikuambia wapangwe kivyao," karani alisema. "Ulicheka, ukaandika. Nikadhani umeandika."

Nikakaa kwenye meza ya nyuma. Sikuhitaji kukadiria tena, nambari zile zilikuwa zimenikaa kichwani mwaka mzima, lakini nilichukua karatasi nikaziandika upya, safu zote mbili, kwa kalamu. Sikumwomba bosi ruhusa. Nikaifuta ile indeksi nyembamba, nikaagiza indeksi pana, tarehe na majina pamoja, na mashine ikaijenga wakati wauguzi wakila chakula cha mchana. Ilipomaliza, nikafanya alivyonifunza yule mzee wa Ngara, nikatafuta mtu mwenye bahati mbaya kuliko wote ili nijaribu naye. Nikaandika tarehe moja Januari, nikaacha mwaka wazi, nikaongeza herufi tatu za mwanzo za jina la mama.

Jibu lilikuja papo hapo. Na nitalisema hili ingawa ningependa kulificha: nilifurahi. Kabla sijasoma kilichoandikwa nilifurahia ile kasi, nikapiga meza kwa kiganja. Halafu nikasoma. Mahudhurio ya mwisho yalikuwa miezi kumi iliyopita, kabla ya uzinduzi. Kuanzia hapo mistari ilikuwa mitupu. Hakuna kipimo, hakuna chupa iliyotolewa, Jumanne kumi.

Nikamtajia karani jina lile, akaniambia mahali pa kumpata. Hakujua ni mama yangu. Aliniambia tu kwamba huyo mama wa macho alikata tamaa, siku hizi humwona kwa muuza mboga mmoja wa kanisani kwao, kando ya Naivasha Road.

Nilitembea huko kwa miguu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya kibanda, mkoba wake wa kliniki umening'inia msumarini, anachambua kunde ndani ya ungo. Aliinua kila shina, akalipitisha kwenye vidole, akang'oa majani bila kuangalia chini. Nilisimama mbele yake, hatua mbili, jua likiwa nyuma yangu. Akainua uso.

"Karibu mboga, mteja," akasema.

Mwenye kibanda ndiye aliyemwambia kwamba ni mimi. Mama akashtuka, akaanza kujipangusa mikono kwenye leso, akaniuliza kama nimekula. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Nilimwuliza vibaya, kwa sauti ya juu, mbele ya wateja. Alingoja nimalize. Alisema mara ya kwanza walimweka benchini mpaka saa tisa, daktari ameshaondoka. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu alirudi nyumbani.

"Ulisema ni kazi ya mikono yako, baba. Ningeenda kuambia nani ya kwamba mashine ya mtoto wangu haifanyi?" Akatafuta neno. "Na wewe siku yangu unaijua. Nikasema, kama huyu ametuweka pale, basi labda pale ndipo petu."

Tulirudi kliniki asubuhi iliyofuata, na daktari akampima. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia lina kitundu katikati ambamo anaona kitu kimoja kwa wakati, uso au kikombe, vyote viwili hapana. Dawa italinda hicho kitundu. Daktari, ambaye hakujua lolote kunihusu, alisema kama angeendelea kuja mambo yangekuwa tofauti, na akaandika.

Wiki ile bosi aliniita kuhusu ripoti. Wastani wa asubuhi ulikuwa umepanda. Wazee sasa walikuwa wakitafutwa asubuhi pamoja na watu wengine, kila mmoja nusu sekunde, na nusu sekunde ni zaidi ya sehemu ya tano. Aliniuliza nimeharibu nini. Nikamweleza yote, safari hii pamoja na mama. Alisikiliza, akanipa pole, na nadhani ilikuwa pole ya kweli. Kisha akauliza kama hatungeweza kuwatoa watu wa Januari kwenye ripoti, ili grafu irudi ilivyokuwa. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi. Bado nafanya kazi pale. Sina ujasiri wa ziada kuliko niliokuwa nao Lavington, nina karatasi tu, na safu ya pili sasa naijaza kwa kalamu.

Jumanne ya kwanza ya mwezi nampeleka mwenyewe. Benchi limeondolewa ukutani, limewekwa kwenye chumba cha chanjo. Karani anamwuliza mama tarehe yake, mama anaitaja, na kabla hajamaliza kutamka mwaka jina lake limeshatokea. Watu nyuma yetu hawajui kama kuna lolote lililofanyika.

Juzi Jumapili alikuwa jikoni ameketi kwenye mkeka, anachambua kunde za jioni, na mimi nimekaa naye. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Sisi watu wa Januari tulikuwa wangapi kwenye mashine yako?"

"Elfu arobaini, mama."

Akarudia nambari hiyo kwa lugha yetu, taratibu, kama anayeipima uzito. Vidole vyake vikasimama juu ya majani.

"Ulijua mbele?"

"Nilijua."

Alimaliza shina alilokuwa nalo, kisha akaniomba nimsogezee sufuria. Ilikuwa papo hapo, kando ya goti lake la kushoto.